Maradhi Yazaayo Maradhi: Tarikhi ya Mchochota na Saratani

Miongoni mwa maradhi yaliyokaa na watu wa Afrika muda mrefu hata yakahesabiwa kuwa sehemu ya maisha yao, ni machache yaliyozoewa kama kichocho. Maana mtoto aliyeoga mtoni, au aliyevua samaki bwawani, au aliyepanda mpunga bondeni, alipokojoa damu, wenzake hawakushtuka, kwa kuwa wao nao walikwisha kukojoa damu, na baba zao kabla yao. Katika bonde la Nili, ambako maradhi haya yalienea kupita kiasi, walikuwako watu walioichukulia damu hiyo katika mkojo wa kijana kuwa ni dalili ya kubaleghe. Jambo lililositirika nyuma ya mazoea hayo ni kwamba, baada ya miaka ishirini au thelathini, baadhi ya watoto wale walifika hospitalini wakiwa watu wazima wenye saratani ya kibofu cha mkojo, na hapana aliyekumbuka kuyaunganisha mambo hayo mawili, sembuse kudai kwamba la kwanza lilikuwa mzazi wa la pili.

Nia ya makala haya ni kusimulia jinsi uhusiano huo ulivyojulikana, na jinsi ulivyoongoza kwenye uhusiano mwingine ulio mpana zaidi, baina ya saratani na hali ya mwili mzima: chakula chake, mafuta yake, sukari ya damu yake na namna unavyojihami. Neno ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili, ya kuwa saratani aghalabu ina tarikhi ndefu kabla ya siku ile inapoonekana. Na ya kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wa jambo hili ilipatikana kwa wakulima wa Misri na wagonjwa wa Uganda, watu ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, ingawa ulimwengu mzima umenufaika kwa mateso yao.

Elimu ya mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka unapojihami, ni kongwe. Katika karne ya kwanza ya Miladi, Mrumi aitwaye Celsus aliziandika alama zake nne, nazo ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na hata leo tabibu azionapo katika jeraha hujua kwamba mwili unapigana na adui au unajenga palipobomoka. Saratani nayo ilijulikana, lakini sababu yake ilitafutwa mahali pengine. Kwani Galen wa Pergamon, katika karne ya pili, alifundisha kwamba chanzo chake ni nyongo nyeusi iliyokusanyika mahali pamoja, na rai hiyo ikatawala akili za matabibu kwa zaidi ya miaka elfu. Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, alijitahidi katika kitabu chake cha Al-Qanun kuipambanua saratani na aina nyingine za uvimbe. Na kabla yake kidogo Az-Zahrawi wa Andalusi, ambaye alikuwa bingwa wa upasuaji katika zama zake, aliandika kwa insafu kwamba saratani iliyokwisha kuwa kubwa na kukaa muda mrefu hakupata kuiponya yeye mwenyewe, wala hakumwona mtu mwingine aliyeiponya. Lakini maadamu sababu ilidhaniwa kuwa ni nyongo iliyo ndani ya mtu tangu asili, hapakuwa na haja ya kuuliza mgonjwa alifanya kazi gani, aliishi wapi, au alipatwa na nini miaka iliyotangulia.

Swali hilo liliulizwa kwa uwazi mwaka 1775, huko London, wakati mpasuaji Percivall Pott alipoeleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata watu waliosafisha mabomba ya moshi, ambao tangu utoto walipenyezwa katika mabomba hayo wakiwa karibu uchi, na masizi yakaganda katika ngozi yao mwaka baada ya mwaka. Baadaye habari za namna hiyo zilitoka pande nyingi. Huko Kashmir, ambako wakati wa baridi watu hukumbatia chungu kidogo cha makaa kiitwacho kangri chini ya kanzu zao, madaktari waliandika habari za saratani ya ngozi iliyoota tumboni na mapajani, mahali pale pale ambapo joto la makaa lilikuwa limeunguza kwa miaka mingi. Na katika Afrika, matabibu wa hospitali za bara na za pwani walifahamu vema jinsi donda ndugu la muundi, likikaa miaka kumi au zaidi bila ya kufunga, linavyoweza kugeuka saratani, hata ikawa hapana budi kuukata mguu ili kuiokoa roho ya mwenyewe.

Aliyezikusanya habari za namna hii na kuzipa maana moja alikuwa Rudolf Virchow wa Berlin, tabibu aliyefundisha kwamba maradhi yote yatafutwe katika chembe za mwili. Mwaka 1863 alieleza ya kuwa alikuta ndani ya uvimbe wa saratani chembe nyeupe za damu, zile zile zinazokimbilia jeraha, na akakisia kwamba saratani huzaliwa mahali penye usumbufu na mchochota wa daima. Kisio hilo halikuwa na ushahidi wa kutosha kwa wakati wake, lakini lilikuwa sahihi kupita alivyoweza kujua mwenyewe, na ushahidi wake ulikuwa ukingoja katika nchi ya Misri.

Majeshi ya Ufaransa yalipoingia Misri pamoja na Napoleon mwaka 1798, askari wengi walianza kukojoa damu, na matabibu wao wakalisingizia jua na jasho. Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Mwaka 1851 kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mwenye umri wa miaka 26, akipasua maiti katika hospitali ya Qasr al-Ayni mjini Cairo, aliona katika mshipa mkubwa uendao kwenye ini minyoo ambayo hapana aliyepata kuieleza kabla yake. Na muda si muda akaitambua kuwa ndiyo sababu ya maradhi yaliyopewa jina lake, ambayo sisi tunayaita kichocho. Bilharz hakuishi kuuona mwisho wa kazi yake, kwa kuwa alifariki mwaka 1862, angali kijana. Mwaka 1910 tabibu Marc Armand Ruffer alichunguza figo za mumia za Wamisri wa zama za nasaba ya ishirini, akakuta ndani yake mayai ya minyoo ile ile yaliyokauka kama chokaa. Basi ikathibitika kwamba mkulima wa Nili alikuwa akibeba mzigo huu kwa muda wa miaka 3,000 na ushei.

Walakini mzigo wenyewe haukuwa na uzito mmoja katika zama zote. Desturi ya kale ilikuwa kungoja gharika ya mto, ambayo ilikuja mara moja kwa mwaka na kuondoka, na ardhi ikakauka pamoja na konokono wake. Tangu enzi ya Muhammad Ali Pasha, katika karne ya kumi na tisa, mifereji ilichimbwa ili maji yapatikane mwaka mzima kwa ajili ya pamba. Na mwaka 1902 lilipokamilika bwawa la kwanza la Aswan, kilimo cha umwagiliaji kikazidi kusonga kusini. Nchi ilipata mali kwa pamba hiyo, lakini mkulima akawa anasimama majini miezi yote kumi na miwili, na maji hayo yakawa makao ya kudumu ya konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kwa hofu ya afya ya askari, alionyesha njia yote ya maradhi: ya kuwa mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa, yakiangua majini viluwiluwi huingia katika konokono, na baada ya majuma kadhaa hutoka humo wakiwa wamegeuka, wakatoboa ngozi ya mtu yeyote aliyetia mguu majini.

Katika hali hiyo ndipo A. R. Ferguson, mwalimu wa elimu ya maradhi katika chuo cha utabibu cha Cairo, alipotoa mwaka 1911 habari za wagonjwa 40 wenye saratani ya kibofu pamoja na kichocho. Jambo lililomshangaza lilikuwa umri na kazi ya wagonjwa hawa. Katika Ulaya saratani ya kibofu ilikuwa maradhi ya wazee, ilhali wengi wa wagonjwa wa Misri walikuwa wakulima walio katika umri wa nguvu zao. Na tena aina yenyewe ya saratani ilikuwa mbali, kwa maana utando wa kibofu ulikuwa umegeuka mgumu mfano wa ngozi, na saratani ikatokana na ngozi hiyo iliyoota mahali pasipokuwa pake. Kwa miongo mingi iliyofuata, saratani ya kibofu ilibaki kuwa ya kwanza kwa wingi miongoni mwa wanaume wa Misri.

Inafaa sasa kueleza jinsi jambo hili linavyotukia, kwa sababu aliyelifahamu katika kibofu amelifahamu pia katika ini, katika tumbo na katika utumbo. Minyoo dume na jike huishi pamoja ndani ya mishipa inayozunguka kibofu kwa miaka mingi, na kila siku jike hutaga mayai kwa makumi. Baadhi hutoka na mkojo, lakini mengi hukwama katika nyama ya kibofu, na mwili, kwa kuwa hauwezi kuyatoa, huyazingira kwa chembe zake za ulinzi. Chembe hizo hutoa sumu za kuua adui, ambazo ndani yake mna aina za oksijeni zilizo kali sana, na sumu hizo haziwezi kubagua baina ya yai la mnyoo na chembe ya mwenye mwili iliyo jirani nalo, bali huvidhuru vyote, hata kuvikata vinasaba vilivyomo ndani ya chembe. Wakati huo huo mwili huziamrisha chembe za utando zizaliane upesi ili kuziba palipoharibika. Na kila chembe inapogawanyika huku vinasaba vyake vina jeraha, kosa huandikwa na kurithishwa. Jeraha la kawaida hufika mwisho wake: adui hufa, amri ya kuzaliana hukoma, na walinzi huondoka. Hapa mwisho haufiki, kwa kuwa kesho kuna mayai mengine. Basi miaka ikipita ishirini, katika mamilioni ya chembe zilizozaliwa kwa haraka, hutokea moja iliyokusanya makosa ya kutosha kuzaliana bila ya amri, na hiyo ndiyo saratani.

Tarikhi ya Misri ina mlango mwingine wenye majonzi, nao unatuthibitishia kanuni hiyo hiyo. Mwaka 1918 J. B. Christopherson, tabibu wa Khartoum, alionyesha kwamba dawa itokanayo na antimoni, ikitiwa katika mshipa, huwaua minyoo wa kichocho. Na kuanzia miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980 serikali ya Misri iliwadunga watu wa mashambani dawa hiyo, kila mmoja sindano nyingi kwa majuma kadhaa. Nia ilikuwa njema na hamu ya watu ilikuwa kubwa, lakini mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, yakatumiwa tena na tena kwa foleni ndefu za watu, na hayakuchemshwa kama ipasavyo. Katika damu iliyobaki ndani ya mabomba hayo mlikuwamo virusi ambavyo wakati huo havikuwa na jina, maana havikutambuliwa mpaka mwaka 1989, navyo ni virusi vya mchochota wa ini vya aina ya C. Kwa njia hiyo nchi iliyokuwa ikiponywa mchochota wa kibofu ilipandiwa mchochota wa ini, ambao nao hukaa kimya miongo miwili au mitatu, kisha huleta kusinyaa kwa ini na saratani yake. Na Misri ikawa nchi yenye maambukizi ya virusi hivyo kuliko zote duniani. Kichocho chenyewe kilipata dawa salama, prazikwanteli, vidonge vinavyomezwa kwa siku moja, ambavyo vilianza kutumika karibu na mwaka 1980. Na kadiri kichocho kilivyopungua, ndivyo saratani ya kibofu ya aina ile ya zamani ilivyopungua katika Misri, ushahidi ulio bora kupita hoja yoyote. Virusi vya ini navyo vimepata dawa katika zama zetu, na tangu mwaka 2018 Misri imewapima watu wake kwa makumi ya mamilioni na kuwatibu waliokutwa navyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini rai ya Virchow, iliyokuwa na mashahidi kama hawa, ilichukua muda mrefu kukubaliwa. Sababu moja ni kwamba iliharibiwa sifa na mtetezi wake aliyetunukiwa heshima kubwa kuliko wote. Mwaka 1915 Yamagiwa Katsusaburo na Ichikawa Koichi, huko Tokyo, walipaka lami ya makaa ya mawe katika masikio ya sungura, siku baada ya siku kwa miezi, mpaka saratani ikaota. Kazi ya subira kubwa na iliyo sahihi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926, hata hivyo, alipewa Johannes Fibiger wa Denmark, aliyedai kwamba minyoo fulani huleta saratani katika tumbo la panya. Na baadaye ilidhihirika kwamba uvimbe ule haukuwa saratani ya kweli, na kwamba upungufu wa vitamini A katika chakula cha panya hao ulikuwa na sehemu yake. Wataalamu wakaona haya, wakageukia virusi na vinasaba, na habari ya mchochota ikasukumwa pembeni kwa muda wa nusu karne.

Ilirudi kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1982, mjini Perth katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliotesha bakteria waishio ndani ya tumbo la chakula, mahali palipodhaniwa kwamba hapana kiumbe kiwezacho kuishi kwa ukali wa asidi yake; na Marshall, alipoona hasadikiwi, aliwanywa bakteria hao mwaka 1984, tumbo lake likaingia mchochota. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston aliandika kwamba uvimbe wa saratani una tabia za kidonda kisichopona. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, liliwaandika bakteria wa tumbo na minyoo ya kichocho cha mkojo katika daraja la vitu ambavyo hapana shaka huleta saratani kwa wanadamu. Na mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa tuzo ya Nobel.

Mpaka hapa habari yetu imekuwa ya adui atokaye nje, yaani mnyoo, bakteria au virusi. Lakini uko mchochota usio na adui wa nje, nao unatokana na wingi wa chakula na uchache wa kazi ya mwili. Na katika kuutambua huo, Afrika ya Mashariki ina fungu lake. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliweka daftari za wagonjwa kwa uangalifu wa nadra, na daftari hizo zilipochambuliwa na J. N. P. Davies na wenzake, katika kazi iliyotolewa mwaka 1964, zilionyesha kwamba saratani haikuwa mgeni katika Buganda, ingawa sura yake ilikuwa mbali na ile ya Ulaya. Katika miaka ya 1950 mjini Kampala kulikuwa na daftari maalumu la saratani, miongoni mwa ya kwanza katika Afrika. Na katika hospitali ya Mulago alifanya kazi Denis Burkitt, mpasuaji aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto, kisha mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, akasafiri kwa gari majuma kumi, mwendo wa maili zipatazo 10,000, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Aligundua kwamba unafuata nchi za joto na mvua, ndizo nchi za malaria. Na leo tunajua kwamba malaria ya kila mara, kwa kuzihamasisha chembe za ulinzi bila ya kuzipumzisha, huvipa nafasi virusi viitwavyo vya Epstein na Barr kuzigeuza kuwa saratani.

Lakini Burkitt aliona pia yale ambayo hayakuwapo. Saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiwaua watu wengi huko Uingereza, kwa Waganda ilikuwa nadra sana. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi miaka mingi Mulago, alikuwa amekwisha kushuhudia jinsi kisukari, shinikizo la damu na unene vilivyokuwa haba, na jinsi vilivyoanza kuingia kwanza kwa watu wa mjini wenye mishahara. Na mwaka 1960 akayaandika hayo katika kitabu. Mabwana hawa wawili walishikilia kwamba siri iko katika makapi ya nafaka, mboga na viazi, ambayo mwenye kula unga uliokobolewa huyatupa. Si kila walilolidai lililothibitika, kwa kuwa Mganda wa zama zile alitofautiana na Mwingereza si kwa makapi tu, bali kwa jembe, kwa mwendo wa miguu na kwa wembamba wa mwili pia. Lakini swali lao, kwa nini maradhi hayo yanakuja pamoja na kwa mpango ule ule kila mahali palipo na maisha ya mjini, lilikuwa swali la haki.

Jibu lake lilikuwa likikusanywa kidogo kidogo mahali pengine. Mwaka 1914 Peyton Rous wa New York aliona kwamba panya walionyimwa shibe, uvimbe wao hukua polepole. Na katika miaka ya 1940 Albert Tannenbaum wa Chicago alithibitisha kwamba panya waliolishwa kwa kipimo hupata saratani chache kuliko wanaokula watakavyo. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg wa Berlin alionyesha kwamba chembe za saratani hula sukari kwa pupa isiyo ya kawaida. Rai hii ya mwisho imepotoshwa sana na watu, basi na ieleweke wazi: mwili wenye saratani hauponi kwa kunyimwa sukari, kwa kuwa ini hutengeneza sukari yake lenyewe, na mgonjwa anayejinyima chakula huangamiza nguvu anazozihitaji kwa matibabu.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1993 huko Boston, ambapo Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ile ile ambayo chembe za ulinzi huitoa katika mchochota. Na mwaka 2003 ilionekana kwamba mafuta hayo yamejaa chembe hizo za ulinzi, zikiwa katika hali ya vita bila ya adui. Kumbe mafuta si ghala tu la akiba. Ni kiungo chenye kusema na mwili mzima. Mtu anaponenepa kupita kiasi, hasa kwa mafuta ya ndani ya tumbo, chembe za mafuta hufura na baadhi kufa, walinzi huja kuziondoa, na mchochota mdogo usio na maumivu huenea katika damu. Mchochota huo huufanya mwili usiitii insulini, na kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi. Na insulini, pamoja na kazi yake ya kuingiza sukari katika chembe, ni amri ya kukua na kuzaliana. Tena kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mafuta ndiyo yanayotengeneza homoni ya estrojeni, inayochochea matiti na mfuko wa uzazi. Mwaka huo huo wa 2003 Eugenia Calle na wenzake walitoa hesabu ya Wamarekani zaidi ya 900,000 waliofuatwa kwa miaka 16, ikionekana kwamba wale wanene kupindukia walikufa kwa saratani zaidi ya wenye uzito wa wastani, wanaume kwa asilimia 52 na wanawake kwa asilimia 62. Mwaka 2016 wataalamu wa Lyon walihesabu aina 13 za saratani zinazohusiana na unene, zikiwamo za utumbo mpana, ini, kongosho, figo, mfuko wa uzazi, na ya matiti kwa waliokoma hedhi.

Insafu inatutaka tuiwekee elimu hii mipaka yake. Wako watu wembamba, wenye kula kwa kiasi na kufanya kazi, wanaopatwa na saratani, na wako wanene wanaofikia uzee bila ya kuijua. Kwa hiyo ni dhuluma kumtazama mgonjwa na kumhesabia makosa. Wala kuuzima mchochota kwa dawa si jambo jepesi, maana ndio ulinzi wetu. Mwaka 2017 Paul Ridker na wenzake walieleza majaribio ya watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata ugonjwa wa moyo, ambao baadhi yao walipewa dawa ya kukata mjumbe mmoja wa mchochota. Vifo vya saratani ya pafu vilipungua sana kwa waliopewa, jambo lililothibitisha rai yetu kwa mwanadamu mwenyewe, lakini vifo vya maambukizi vikaongezeka kwao. Njia iliyo salama ni kuiondoa sababu ya mchochota kabla haujakaa.

Na hapo ndipo tarikhi hii inapotuhusu sisi. Afrika ya Mashariki leo imesimama katika zama mbili kwa pamoja. Bado tunayo maradhi ya zamani yazaayo saratani: kichocho katika vijiji vya Ziwa Viktoria na mabonde ya pwani, virusi vya ini, na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaua wanawake wetu wengi. Na juu ya hayo tumeyapokea ya kisasa, kwani dona limeiachia sembe nafasi, mwendo wa miguu umeiachia bodaboda, na soda imekuwa kinywaji cha mgeni na cha mtoto. Lakini tunao pia mfano mwema karibu yetu. Katika Unguja na Pemba, ambako zamani kichocho kilikuwa cha kila mtoto katika shehia nyingi, ugawaji wa prazikwanteli mashuleni na majumbani, uuaji wa konokono katika mabwawa na elimu kwa wanafunzi vimeushusha ugonjwa huo mpaka ukawa wa wachache tu; na wanaookolewa kwa kazi hiyo hawaokolewi na mkojo wa damu peke yake, bali na saratani ambayo ingewafika watakapokuwa na wajukuu.

Basi mzazi anayesoma maneno haya na ahakikishe kwamba mtoto wake amechanjwa homa ya ini ya aina ya B, na binti yake amechanjwa virusi vya mlango wa kizazi. Aonaye damu katika mkojo asiizoee, na mwenye kidonda kisichofunga asingoje mwaka wa pili. Na mwenye kuweza kuchagua, achague dona, mboga na mwendo wa miguu. Na wale waliopewa amana ya kutawala wajue kwamba maji safi, vyoo na chanjo ni kinga ya saratani iliyo rahisi kuliko zote, ingawa shukurani yake huchelewa miaka thelathini.